Jinsi ya Kufunga Splita kwenye Mashine ya Kupasua Mbao, Hata Ile ya Kuchomewa Mtaani

Kama umewahi kupasua mkalitusi mbichi, unaujua ule mlio. Mashine inaanza vizuri, nusu ya ubao inapita, halafu sauti inashuka na kuwa nzito, moshi kidogo unatoka, na unahisi ubao ndio unaoisukuma mikono yako. Ukitazama nyuma ya bledi utaona ile njia iliyokatwa imeanza kujifunga. Pande mbili za ubao zimekaribiana na kuibana bledi katikati. Hapo una sekunde moja ya kuzima mashine, na pengine huna hata hiyo.

Mimi sikuipata. Mwaka 2019, hapa Nakuru, kipande cha futi nne kiliinuka juu ya bledi, kikanipiga ubavuni na kwenda kugonga bati la ukuta nyuma yangu. Ubavu mmoja ulipata ufa. Nilikaa wiki sita bila kushika randa, na kazi ya watu ikalala. Bati lile limebonyea hadi leo, sijaligusa, kwa sababu kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu namsimamisha pale kwanza nimwonyeshe, kabla hajashika hata msasa.

Mashine iliyonirushia ubao haikuwa na splita, lile bamba la chuma linalosimama nyuma ya bledi. Na kusema kweli, karakana nyingi ninazozijua kuanzia hapa hadi Molo na Elburgon, kunakotoka mbao zetu nyingi, hazina. Zile mashine za mitumba zinazotoka nje zilitengenezwa nayo, ila zinafika splita ikiwa imeng'olewa. Zile zinazochomewa hapa hapa hazikuwahi kuwa nayo tangu mwanzo. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, na nimeuandika nikiifikiria zaidi mashine ya jua kali, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo mbele ya wengi wetu.

Kwanza, kinachotokea ni nini

Meno ya mbele ya bledi, yaani yale yaliyo upande wako, yanashuka kuelekea meza, kwa hiyo yanaukandamiza ubao chini. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukiyaegemea yale ya nyuma, yanauinua, na ukishainuka unapanda juu ya bledi na kurudi kwako kwa kasi ya meno yenyewe. Tuihesabu kasi hiyo. Mota ya kawaida ya umeme wetu huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukiiwekea puli ya inchi 4, na shafti ya bledi puli ya inchi 3, bledi itazunguka mara 3,800. Bledi ya inchi 10 ina mzingo wa karibu sentimita 80. Jino moja basi linakwenda mita 50 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 180 kwa saa. Matatu ya kwenda Eldoret hairuhusiwi kupita 80.

Splita ni bamba la chuma linalosimama nyuma ya bledi, kwenye mstari mmoja nayo, ndani ya njia iliyokwisha kukatwa. Wengine huiita kisu cha nyuma. Ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: inazuia njia isijifunge. Ya pili husahaulika, nayo ndiyo kubwa: inauzuia ubao usiyumbe na kuyaegemea meno ya nyuma. Kwa hiyo usidanganyike kwamba kwa kuwa wewe hupasua saiprasi kavu iliyonyooka, huhitaji splita. Ubao mkavu haujifungi kwa urahisi, lakini mkono wako unaweza kuyumba wakati wowote.

Mbao mbichi ndizo zilizozidisha hatari. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, saiprasi ilipungua na bei ikapanda, na wengi wetu tukageukia mikalitusi na migrevilea ya mashambani. Mkalitusi unapokua hujivuta ndani kwa ndani: ganda la nje linavutana na kiini. Ukiupasua ukiwa mchanga na mbichi, mvutano ule unafunguka na ubao unajipinda papo hapo mbele ya macho yako. Katazo lile tulitangaziwa kuondolewa mwaka 2023, lakini mbao za shambani hazijaondoka sokoni, na sioni zikiondoka.

Kanuni moja ya kushika kabla ya kununua chochote

Splita ifungwe kwenye kile kinachobeba bledi, isifungwe kwenye kile kinachobeba ubao.

Nieleze. Kwenye mashine nyingi za dukani meza imetulia, na bledi ndiyo inayopanda na kushuka. Ukiifunga splita kwenye meza, kila ukiishusha bledi mwanya kati ya meno na splita unapanuka, na ubao unapata nafasi ya kuyumba kabla haujaifikia splita. Kwenye mashine nyingi za jua kali ni kinyume: shafti imetulia kwenye beringi zake, na meza ndiyo inayoinuliwa kwa skrubu ili bledi itokeze kidogo au sana. Hapo ukiifunga splita kwenye fremu inayobeba beringi, haitasogea kamwe mbali na bledi, uinue meza au uishushe. Mashine ya kuchomewa mtaani inakupa bure kitu ambacho mwenye mashine ya dukani hukilipia. Sijui kwa nini hatuitumii nafasi hiyo.

Splita za kununua

Zinazouzwa ziko za namna mbili. Kuna vile vidogo vya plastiki au chuma vyenye pini, vinavyochomekwa kwenye kifuniko cha mdomo wa bledi, kile kibamba kinachoziba pengo la meza. Na kuna bamba la chuma lenye kikono chake, linalofungwa kwa bolti ndani ya mashine, kwenye kibebeo cha bledi. Hii ya pili ndiyo nzuri, ila kila moja imetengenezewa mashine fulani. Usinunue kwa kutazama picha.

Nilinunua moja mtandaoni miaka mitatu iliyopita. Ilifika ikiwa safi, imefungwa vizuri, nikaifunga asubuhi hiyo hiyo. Ubao wa kwanza uliingia sentimita tano nyuma ya bledi ukakwama kabisa, hauendi mbele wala haurudi. Splita ilikuwa na unene wa milimita 2.8, na bledi yangu nyembamba inakata njia ya milimita 2.4. Muuzaji hakuwa ameandika unene popote, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo pima kwanza.

Hatua ya kwanza: pima njia

Usipime bledi, pima njia ambayo bledi inakata. Bledi za chuma tunazonoa wenyewe meno yake yamepindwa kulia na kushoto, na kila fundi huyapinda kwa mkono wake, kwa hiyo bledi mbili zenye unene mmoja hazikati njia moja. Chukua kipande cha mbao kavu, kipasue kiasi cha sentimita kumi, zima mashine, subiri isimame, kisha ukitoe.

Kama una venia, kile kifaa cha kupimia unene, pima nayo. Kama huna, tumia biti za drili, kila fundi anazo. Jaribu kuuchomeka mkia wa biti ya 2.5 ndani ya njia, kisha ya 3, kisha ya 3.2, kisha ya 3.5. Ile ya mwisho kuingia bila kulazimishwa ndiyo kipimo chako. Pima pia unene wa bati la bledi lenyewe, pale katikati mbali na meno.

Splita lazima iwe nyembamba kuliko njia, na nene kuliko bati la bledi. Kwa bledi ya kawaida yenye ncha ngumu za kabaidi kwenye meno, inayokata milimita 3.2, bati lake huwa milimita 2.2 hivi, na chuma cha geji 12, ambacho ni milimita 2.6, kinakaa vizuri sana. Kwa bledi nyembamba inayokata 2.4, tumia geji 14, ambayo ni milimita 2. Wengine huchukua msumeno wa mkono wa zamani na kuukata. Huo hauzidi milimita moja, utapinda ubao ukiubana, na hapo hakuna ulichokizuia. Bamba la milimita 3 nalo linaingia kwenye njia ya 3.2 ukilijaribu kwa mkono, lakini ukikosea kidogo tu kulinyoosha, ubao hautapita.

Hatua ya pili: nyoosha bledi na fensi kabla ya splita

Splita hunyooshwa kwa kuifuata bledi. Bledi ikiwa imepinda, splita itakuwa imepinda pia. Chomoa plagi au shusha swichi kuu, na uuondoe mkanda kwenye puli. Usiseme swichi iko mbali na hakuna mtu wa kuigusa.

Weka alama ya chaki kwenye jino moja. Lizungushe jino hilo lije mbele, pima umbali wake hadi kwenye fensi, yaani ile kingo ya pembeni ambayo ubao huifuata, ikiwa imefungwa imara. Lizungushe lende nyuma, pima tena. Tofauti isizidi unene wa karatasi mbili za kawaida za kuandikia, na karatasi moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Kipimo cha nyuma kikiwa kidogo kuliko cha mbele, fensi yako inausukuma ubao kwenye meno ya nyuma. Hilo peke yake linatosha kurusha ubao, na splita haiwezi kulitibu. Ama usogeze fensi, ama ulegeze beringi na kuisogeza shafti, mpaka vipimo vilingane. Mimi huiacha fensi ikiwa wazi kwa nyuma kwa karatasi moja, isizidi hapo.

Itikise pia shafti kwa mkono, juu na chini, kulia na kushoto. Ikicheza, beringi zimekufa. Badilisha hizo kwanza, hii kazi nyingine isubiri.

Hatua ya tatu: kata splita yenyewe

Hapa namzungumzia anayejitengenezea, aliyenunua aruke.

Chukua katoni ngumu, isimamishe nyuma ya bledi na uchore mviringo wa bledi juu yake. Sogeza mstari huo nyuma kwa milimita 5. Hiyo ndiyo pindo ya mbele ya splita: inaifuata bledi kama hilali, kuanzia chini ya meza hadi karibu na kilele. Mwanya kati ya meno na splita uwe kati ya milimita 3 na 8 kote kote. Chini ya 3, bledi ikitikisika kidogo itagusa chuma. Zaidi ya 8, ubao unapata mahali pa kuyumba.

Kilele cha splita kiwe chini ya kilele cha bledi kwa milimita 2 au 3. Hilo lina faida ambayo utaiona ukianza kuchimba mifereji ya droo: bledi isiyopenya juu ya ubao bado itakata, na splita haitauzuia ubao kupita, kwa hiyo huna haja ya kuifungua. Splita nyingi hutupwa kwenye kona siku ile fundi anapoifungua ili achimbe mfereji, na hairudi tena.

Kwa chini acha mguu mrefu, angalau sentimita nane chini ya meza, wenye upana wa kutosha matundu mawili ya bolti. Nasema mawili. Bolti moja ikilegea, splita inageuka na kuiangukia bledi inayozunguka.

Kata kwa grainda, kisha shika tupa. Pindo ya mbele itengeneze mithili ya ncha ya mtumbwi, iwe nyembamba mbele na kunenepa polepole kurudi nyuma, ili ubao uipokee bila kugonga. Kona ya juu uiviringishe. Kisha piga msasa pande zote mbili mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, na ulaze bamba juu ya kioo kuona kama limenyooka. Joto la grainda hulipinda. Likiwa limepinda, lilaze juu ya chuma bapa na uligonge taratibu kwa nyundo ya mbao.

Hatua ya nne: kikono cha kuishikilia

Hii ndiyo hatua inayohitaji akili zaidi, na mashine hazifanani, kwa hiyo lala chini utazame.

Tafuta kile chuma cha fremu kinachobeba beringi iliyo karibu zaidi na bledi. Kutoka hapo unataka kikono kirudi nyuma kupita bledi, kisha kipande juu kuelekea mdomo wa meza. Chuma cha engo cha inchi moja na nusu, chenye unene wa milimita 5, kinatosha. Chembamba zaidi kinatetemeka. Kwenye ule uso wa kikono utakaoshika splita, toboa matundu mawili na uyarefushe kwa tupa kwenda mbele na nyuma, kama sentimita moja na nusu, ili uweze kuisogeza splita karibu na bledi au mbali nayo. Bledi zetu hunolewa na kupungua, kwa hiyo utasogeza mara nyingi. Tumia bolti za M8, washa pana, na washa za springi chini ya nati.

Kikono kifunge kwa bolti kwenye fremu kama kuna nafasi. Kama ni lazima kuchomea, sikiliza hapa: klampu ya waya wa chini ya mashine ya kuchomea uishike kwenye kikono chenyewe au kwenye chuma kile kile unachochomea, karibu kabisa. Ukiishika upande wa pili wa mashine au kwenye shafti, umeme utapitia ndani ya beringi na kuzitoboa vijitundu usivyoviona. Wiki mbili baadaye zitaanza kulia na utamlaumu aliyekuuzia. Chomoa nyaya za mota pia, na toa vumbi lote chini ya meza, maana cheche ikishikwa na vumbi la mbao inaweza kuwaka saa tatu baadaye ukiwa umeshafunga na kwenda nyumbani.

Kabla ya kuchomea moja kwa moja, gusa nukta mbili tu, simamisha splita, tazama kwa jicho moja kutoka mbele ya mashine. Bledi iifunike splita yote, usione chuma upande wowote. Hapo ndipo umalizie.

Mdomo wa meza utahitaji kurefushwa nyuma ili splita ipite. Kwenye meza yenye bawaba ongeza sentimita moja zaidi ya unavyodhani, kwa sababu meza ikiinuka haipandi wima, inazunguka. Inua na ushushe meza mara kadhaa kwa mkono, uhakikishe splita haigusi popote.

Hatua ya tano: kuinyoosha kwa karatasi

Chukua rula ya chuma iliyonyooka, au spiriti leveli ambayo haijawahi kuanguka. Iegemeze upande wa bledi ulio kuelekea fensi, iguse jino moja la mbele na jino moja la nyuma, na ipite hadi kwenye splita. Kati ya rula na splita kuwe na mwanya mdogo. Splita ikiisukuma rula hata kidogo, imetokeza nje ya njia, na ubao utagota pale.

Sasa tumia karatasi. Kwa njia ya 3.2 na splita ya 2.6, ikiwa katikati kabisa kila upande utabaki na milimita 0.3, yaani karatasi tatu zinapita. Mimi siiweki katikati. Naisogeza kuelekea fensi mpaka ipite karatasi moja tu upande huo, na mwanya uliobaki uende upande wa pili. Hivyo splita inaushikilia ubao kwenye fensi usiachane nayo. Kama wewe huhamisha fensi kulia na kushoto kulingana na kazi, basi iweke katikati.

Kusogeza kwa vipimo vidogo namna hiyo, kata vipande vya kopo la soda la aluminiamu. Ubavu wa kopo una unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, sawa na karatasi, ila haubonyei. Kata miraba midogo, toboa tundu katikati, na uivalishe kwenye bolti kati ya splita na kikono. Ongeza kimoja, pima, toa kimoja, pima. Usiwe na haraka. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima, siku hizi dakika ishirini.

Angalia pia kama inasimama wima. Iegemeze skwea kwenye meza, iguse bledi, kisha iguse splita. Ikiinama, weka kipande cha kopo chini ya bolti ya juu pekee, au ya chini pekee. Mashine yenye meza ya bawaba uipime meza ikiwa pale unapoitumia zaidi.

Hatua ya sita: jaribio

Ipake splita wino wa maka pande zote mbili. Umeme ukiwa bado umezimwa, chukua kile kipande ulichokipasua mwanzo na ukitelezeshe, njia yake ikipita kwenye bledi na kisha kwenye splita. Kipite kwa kusukumwa na kidole. Kikikwama hapa, kikiwa kimetulia, kitakwama vibaya zaidi mashine ikizunguka.

Izungushe bledi kwa mkono mizunguko mitatu, usikilize. Kisha rudisha mkanda, washa, na usimame pembeni, siyo nyuma ya bledi, uiache izunguke dakika moja bila ubao. Zima na ukaze bolti tena.

Sasa pasua saiprasi kavu ya mita moja, tumia fimbo ya kusukumia, na uisukume hadi mwisho bila kusita. Zima, tazama wino. Ukiwa umefutika kidogo kidogo upande wa fensi, splita iko mahali pake. Ukifutika mstari mmoja mnene kwenye pindo ya mbele tu, splita imepinda au imetokeza. Ubao nao utakwambia. Ukiwa na mikwaruzo myeusi upande mmoja, chuma kimesugua. Ukiungua upande wa fensi, rudi kwenye hatua ya pili, kosa liko kwenye fensi, siyo kwenye splita.

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha aliniita: "Mzee, splita imekataa, ubao hausogei."

"Zima kwanza."

Akazima. Nikamuuliza amebadilisha nini. Alikuwa amevalisha bledi nyembamba asubuhi bila kugusa splita. Bamba la 2.6 ndani ya njia ya 2.4. Tangu siku hiyo tumeandika kwa rangi nyeupe juu ya fremu: 3.2 TU. Splita ya geji 14 inaning'inia kando yake ikiwa na bledi yake, zimefungwa waya pamoja.

Kwa mwenye mashine ya dukani na splita ya pini

Kwako kazi ni fupi. Tengeneza kifuniko kipya cha mdomo kwa plaiwudi ngumu yenye unene unaolingana na kina cha mdomo wa meza. Shusha bledi chini kabisa, kiweke kifuniko, kikandamize kwa ubao mrefu uliofungwa klampu pande zote mbili za meza, ubao huo usiwe juu ya bledi, kisha washa na uipandishe bledi taratibu itoboe njia yake yenyewe. Zima. Tumia kielekezi kilichokuja na splita kutoboa matundu ya pini, na hakikisha biti imesimama wima, maana tundu likiinama hakuna kipande cha kopo kitakachoinyoosha. Kifuniko kisicheze ndani ya mdomo hata kidogo. Kikicheza, splita yote inacheza.

Jua mipaka yake. Inafaa pale bledi inapokuwa juu. Ukiishusha, mwanya unapanuka kama nilivyoeleza. Ya plastiki huvunjika ikibanwa na mkalitusi, kwa hiyo kwa mbao mbichi mimi singeitegemea. Na ukilaza bledi kwa pembe, itoe.

Baada ya hapo

Splita haikupi ruhusa ya kusimama nyuma ya bledi wala ya kusukuma kwa vidole. Kinga inayoifunika bledi kwa juu ibaki, fimbo ya kusukumia ibaki. Kwa mwenye karakana yenye wafanyakazi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka azikinge sehemu hatari za mashine, kwa hiyo hili siyo hiari yake.

Mbao mbichi zikianza kujifunga hata splita ikiwepo, usilazimishe. Zima mashine ukiwa bado umeushika ubao, bledi ikisimama piga kabari ya mbao ndani ya njia nyuma ya splita, kisha endelea.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya ubao wa kwanza, pitisha rula na karatasi moja. Kila ukibadilisha au kunoa bledi, pima mwanya wa nyuma kwa biti ya 5. Bolti za M8 hukazwa kwa spana namba 13, na spana hiyo ikikosekana ndipo watu huanza kusema watakaza kesho. Yangu nimeifunga kwenye mguu wa mashine kwa mnyororo, urefu wa kufika kwenye kikono na usiozidi hapo, ili isiwahi kuifikia bledi.